Meza ya Gofu: Mpira upi uuweke kwenye mkoba?

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kanda ya kati, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa midomo tofauti: mpira. Zilizofanana tumeziunganisha. Kwa wageni wa mchezo huu: dreva ni fimbo ndefu yenye kichwa kikubwa, ya kuanzia shimo, weji ni fimbo fupi yenye uso uliolala, pata ni ya kusukumia mpira shimoni, na grini ni kile kiwanja kidogo cha nyasi fupi kabisa chenye bendera. Shimo pia ni jina la njia nzima, kuanzia pigo la kwanza hadi mpira uingie. Umbali tumeuandika kwa yadi kama ulivyo kwenye kadi za viwanja. Yadi 100 ni mita 91.

Shikamooni. Nimehamia Dodoma kikazi kutoka Dar es Salaam. Nacheza mara mbili kwa mwezi, nikimaliza mashimo 18 kwa mapigo 98 hadi 105. Rafiki yangu mmoja ananihimiza ninunue mpira wa sehemu tatu wa bei ya juu kwa kuwa ndio wanaotumia wachezaji wa kulipwa. Mwingine anasema mpira ni mpira, cheupe chochote kinatosha. Nimfuate nani? — Mtumishi wa umma, Mtumba

Marahaba. Kila mmoja ana nusu ya ukweli, na nusu aliyoiacha ndiyo itakayokugharimu.

Tuanze na kilichomo ndani. Mpira wa sehemu mbili una kiini kikubwa cha raba na ganda moja juu yake, kwa kawaida la ayonoma, plastiki ngumu ambayo wengi wameizoea kwa jina la biashara la Surlyn. Ganda hilo halichaniki ovyo. Mpira wa sehemu tatu una kiini, tabaka la kati, halafu ganda. Lakini idadi ya sehemu isikudanganye, kwani ipo mipira ya sehemu tatu yenye ganda lilelile la ayonoma. Linalotenganisha daraja moja na jingine ni ganda. La yurethani ni jembamba na laini, na chini yake kuna tabaka gumu. Weji inapogonga, mifereji ya uso wa fimbo hulikandamiza ganda laini kwenye lile tabaka gumu, mpira ukakamatwa kwa kitambo kidogo kuliko kufumba na kufumbua, kisha ukatoka ukizunguka kinyumenyume kwa kasi. Ndiyo maana ukitua grini unasita. Ganda la ayonoma likigongwa na weji hiyohiyo huteleza kidogo kwenye uso wa fimbo: mpira hupaa juu zaidi, hauzunguki sana, na ukitua unakimbia.

Sasa hesabu mapigo yako. Katika 100, dreva haizidi 14, maana viwanja vingi vya mashimo 18 vina mashimo manne mafupi yasiyohitaji dreva. Pata inakula kama 36 hadi 40. Zinazobaki, karibu nusu ya raundi nzima, ni fimbo za kati na weji, na kwa mchezaji wa kiwango chako nyingi hupigwa akiwa tayari ndani ya yadi 100. Matangazo ya mipira, lakini, yanahubiri dreva tu. Na hapo kwenye dreva ndipo mipira inapokaribiana, kwa sababu sheria za R&A ya Uskoti na USGA ya Marekani, vyombo vinavyotunga sheria za gofu, zimeiwekea dari: uzito usizidi gramu 45.93, kipenyo kisipungue milimita 42.67, na umbali kwenye mtambo wa majaribio usivuke kikomo. Kwa hiyo chagua mpira ukianzia grini kurudi nyuma, usianzie dreva kwenda mbele.

Halafu ingia mfukoni. Huko Marekani dazani ya mipira ya daraja la juu, kama Titleist Pro V1 au TaylorMade TP5, ni takribani dola 50 hadi 55. Ya sehemu mbili, kama Callaway Supersoft, Srixon Soft Feel au Wilson Duo Soft, ni kati ya dola 20 na 27. Hapa kwetu usafiri na ushuru huongeza, ila uwiano haubadiliki sana: mmoja wa juu ni sawa na miwili ya chini. Ukipoteza minne kwa raundi, hiyo ya juu imekutoka kama dola 18 kabla hujalipa kedi, yule mbeba mkoba. Hesabu mipira unayopoteza katika raundi tatu zijazo, uiandike. Ikizidi mitatu kwa raundi, kaa na sehemu mbili bila kuona haya. Ikiwa ni mmoja au miwili, na weji yako inagonga mpira kabla ya ardhi walau mara mbili kati ya tatu, basi yurethani itakulipa. Ipo pia njia ya kati ambayo wauzaji hawaitangazi sana: mipira ya yurethani ya bei nafuu, mfano Srixon Q-Star Tour. Kwa mtu wa mapigo 98 tungeanzia hapo.

Sina mashine ya kupima mpira, na sijui duka lolote hapa lenye nayo. Nitajuaje tofauti kati ya mpira na mpira nikiwa na uwanja wa wazi tu? — Msomaji, Njedengwa

Unajua, na kwa siku moja. Nunua pakiti mbili tu za mipira mitatu mitatu, aina mbili, moja ya ayonoma na moja ya yurethani. Ukileta aina tano utachanganyikiwa. Tia alama kwa maka peni: A kwenye mitatu, B kwenye mitatu. Beba kanga, daftari, ndoo ndogo ya maji na kitambaa. Anza saa 12:30 asubuhi, umalize kabla ya saa 3, maana kiangazi cha Dodoma upepo ukishaamka hakuna kipimo utakachokiamini. Na hakikisha mbele hakuna wachungaji wala mbuzi. Mtu wa kukuangalizia asimame pembeni, mbali, asiwe mbele yako.

Anza na mapigo mafupi, viungo vikiwa havijachoka. Tandika kanga yadi 20 kutoka ulipo, upige kwa weji ukilenga mpira utue juu yake. Pima kwa hatua mpira ulikimbia kiasi gani baada ya kutua. Piga 9 za A na 9 za B kwa kupokezana, A, B, A, B. Usimalize zote za A ndipo uanze B, kwa sababu mkono unachoka na jua linapanda, na mpira wa pili ndio utakaobeba lawama. Kati ya hizo 9 futa mbili mbovu kuliko zote kwa kila aina, uchukue wastani wa 7 zilizobaki. Kipimo hiki hakitoi jibu kwenye udongo mtupu: ardhi ngumu ya Agosti hurusha mpira wowote kama sakafu. Tafuta kipande chenye nyasi. Kama kimekauka, kimwagie ndoo mbili za lita 20 jioni ya kuamkia siku hiyo, eneo la mita 2 kwa 2 tu. Tunajua bei ya maji huko, basi yatumie yale ya kufulia.

Jambo moja huharibu zoezi lote, nalo ni vumbi. Punje za mchanga zikikaa kati ya uso wa fimbo na mpira, mifereji haishiki ganda, na mpira ghali unatoka kama wa bei chee. Futa uso wa weji na mpira wenyewe kwa kitambaa chenye maji, kisha kikavu, kila baada ya pigo. Kila pigo, hata la kumi na nane.

Rudi nyuma hadi yadi 60, urudie. Hapa tazama na jinsi unavyotoka. Wa ayonoma kwa kawaida hupanda juu, kama unaelea. Wa yurethani hutoka chini zaidi, kama umebanwa, kisha hudunda mara moja au mbili na kukaza. Ukiona vyote viwili vinatoka sawa, si mpira: aidha weji yako mifereji imekwisha, aidha unagonga ardhi kwanza. Hapo usitoe hela kwa yurethani mpaka jambo hilo lishughulikiwe.

Halafu fimbo namba 7, mojawapo ya zile za kati, mapigo 9 kwa 9 tena. Udongo mwekundu sasa unakuwa rafiki: mpira unapotua hutimua kijivumbi kidogo. Pima mpaka kwenye kile kijivumbi, usipime mpaka uliposimama, kwa sababu kukimbia kwenye ardhi kavu ni bahati nasibu. Dreva iwe ya mwisho, na usiipe uzito mkubwa. Mapigo yako yenyewe hutofautiana kwa yadi 20 au 30, kwa hiyo tofauti ya yadi 5 kati ya A na B haina maana yoyote. Zaidi ya 10 ndipo uitilie maanani. Pata ifanyie zoezi nyumbani, kwenye zulia, mita 3, mtu akikuwekea mipira bila wewe kuona alama. Unachotafuta ni mlio na hisia ya mkononi tu. Kama hukutofautisha, basi kwa upande wa pata yote ni yako.

Nikipiga Dodoma fimbo namba 7 inanipa yadi 150. Nikishuka Dar kwenye mashindano, fimbo ileile, mpira uleule, unapungukiwa. Wenzangu wanasema hewa ya pwani ni nzito kwa ajili ya unyevu. Nibadilishe mpira? — Ihumwa

Mpira uache. Dodoma ipo takribani mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya kimo hicho ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ya pwani. Mpira unapenya kwa urahisi zaidi, nao huruka mbali kwa asilimia 4 hivi. Yadi 150 zako za nyumbani ni kama 144 Dar, na dreva ya 208 inarudi 200. Morogoro, ambako wengi wenu hushuka kwa SGR kucheza, ipo katikati: hesabu asilimia 2. Andika jedwali la fimbo zako kwa Dodoma na kwa pwani ulibandike ndani ya mkoba.

Ila kuhusu unyevu wenzako wamekosea. Hewa yenye mvuke ni nyepesi kidogo kuliko kavu ya joto hilohilo, kwa kuwa mvuke wa maji wenyewe ni mwepesi kuliko hewa. Kinachokupunguzia ni kimo. Na joto lina mkono wake: asubuhi ya Julai Dodoma mpira ni wa baridi na hewa imebana, alasiri ya Oktoba vyote vimelegea. Fimbo ileile inaweza kukupa yadi 4 au 5 tofauti ndani ya mji mmoja.

Upepo ndio unaostahili kuingia kwenye uchaguzi wa mpira. Mpira wenye mzunguko mwingi ukipigwa kinyume cha upepo hupanda, ukasimama hewani, ukaanguka kama jiwe. Wa mzunguko mdogo hukata. Kama unacheza zaidi kiangazi, na kati ya mipira miwili unayoipenda mmoja unazunguka kidogo kwenye dreva na fimbo ndefu, chukua huo. Lakini kosa la kawaida si la mpira hata kidogo. Mtu akiona upepo usoni anakaza misuli apige kwa nguvu; nguvu inaongeza mzunguko, mzunguko unapandisha mpira. Chukua fimbo moja au mbili ndefu zaidi, upige taratibu.

Wajukuu wamenirudisha kwenye gofu. Zamani zetu mpira ulikuwa na namba ya wino mweusi kwa ugumu wa 100 na mwekundu kwa 90, na kijana mwenye mkono mzito alichukua mweusi. Nyingine tulizipiga kwenye grini za mchanga. Sasa hivi nakuta namba nyeusi kwenye mpira laini kama chapati. Mkono wangu umepungua, nichukue laini kabisa? — Mstaafu, Kondoa

Shikamoo mzee. Ni kweli, baadhi ya watengenezaji walitumia wino hivyo enzi za mipira yenye uzi wa raba uliozungushwa ndani. Siku hizi namba ya 1 hadi 4 ni ya kuutambua mpira tu, na rangi yake haisemi lolote. Ugumu, au kompresheni, bado unapimwa: mipira laini sana ipo karibu na 40, ya daraja la juu mingi ipo kati ya 85 na 100. Hakuna kipimo kimoja cha lazima kwa watengenezaji wote, kwa hiyo usilinganishe namba za kampuni hii na ile kana kwamba ni mizani ya sokoni.

Ule usemi wa kwamba mkono mzito lazima mpira mgumu, mkono mwepesi lazima laini, umezeeka. Mpira laini unabonyea sana, na anayepiga kwa nguvu hupoteza kasi kwa sababu hiyo. Kwa mtu ambaye dreva yake inatembea chini ya kilomita 130 kwa saa, na wengi wa umri wako wapo hapo, tofauti ya umbali kati ya laini na mgumu ni yadi chache mno kuiona kwa macho. Kwa hiyo laini uchukue kwa sababu nyingine: hautikisi viganja, na asubuhi ya baridi hiyo ni nafuu kubwa kwa viungo. Wa sehemu mbili, kompresheni 40 hadi 60, unatosha kabisa. Na kama utapata tena grini ya mchanga, yurethani ni hela ya bure: huko mpira unatua kabla ya mchanga na kutambaa, hakuna wa kuusimamisha.

Mimi ni mwanafunzi. Kuna mtu ananiuzia mipira iliyookotwa, na mara nyingine analeta ya "daraja la juu" inayong'aa kama mipya kwa bei ya kutupa. Nimepata mmoja uliopasuka baada ya mashimo mawili. Nichunguze nini? — Chuo Kikuu cha Dodoma

Mipira iliyookotwa ni chaguo zuri kwa mwanafunzi, mradi usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Uchukue nje, juani, mikononi.

Kwanza tazama vishimo vya juu ya ganda. Mpira wa kisasa una kama 300 hadi 400, na hivyo ndivyo vinavyoupeleka: mpira usio na vishimo huanguka karibu nusu ya njia. Kingo zake ziwe kali. Zikionekana zimejaa, za mviringo, kama ukuta uliopigwa chokaa mara tatu, huo umepakwa rangi upya. Rangi ya juu itabanduka, na huwezi kujua inaficha nini. Kung'aa sana kwenye mpira wa mitumba ni sababu ya kuuliza maswali. Kisha zungusha polepole ukipitisha ukucha. Mkwaruzo wa juujuu hauna neno. Ukucha ukinasa kwenye mstari unaokwenda mbele, huo ni ufa, rudisha. Huenda ndicho kilichokupata. Wa tatu ni rangi: ganda lililogeuka la kahawia hafifu au kijivu kwa kawaida limelala majini. Maji hupenya taratibu hadi kwenye kiini, nao mpira unapoteza uhai. Kuujua, chukua mmoja mpya wa aina hiyohiyo, uiachie yote miwili kwa pamoja kutoka usawa wa bega kwenye sakafu ya saruji. Unaorudi chini zaidi, na mlio wake umefifia, usiuchukue hata kwa bei ya maji. Wenye mistari au maandishi ya mazoezi ni wa uwanja wa mazoezi: mgumu, wa kudumu, na haufiki mbali.

Kwa wale wanaoogopa bandia, mizani ya jikoni inasaidia kidogo. Mpira halali husoma 45 au 46. Ukisoma 47 au 48, si halali, hata jina lingekuwa la nani. Maandishi yaliyopinda au yanayotoka ukisugua kwa kitambaa chenye maji ya sabuni ni dalili nyingine.

Kuna na jaribio la chumvi, ambalo vijana hulipenda kuliko linavyostahili. Yeyusha gramu 300 za chumvi ya mezani kwenye lita 1 ya maji ya uvuguvugu, ukoroge hadi chembe zote ziishe. Maji hayo yanakuwa mazito kuliko mpira, nao unaelea, kipande kidogo kikichungulia. Weka nukta ya maka peni juu kabisa, uuzungushe kwa kidole, uache utulie. Ukirudisha nukta ileile juu mara tano kati ya tano, upande mmoja ni mzito, kiini hakikukaa katikati. Nukta ikitokea popote, mpira uko sawa. Ukizama, chumvi haijatosha, ongeza vijiko viwili. Mpira wenye upande mzito unaweza kupinda kidogo kwenye pata ndefu ya polepole. Kwa mtu anayekosa shimo kwa nusu mita, si hilo linalomkosesha. Suuza mipira baadaye, na chumvi yenyewe usiipoteze, bado ni chumvi.

Rangi gani haipotei kwenye nyasi zilizokauka? — Manyoni

Njano ndiyo mbaya kuliko zote kiangazi. Kwenye majani makavu unaikanyaga bila kuiona. Chungwa na nyekundu zinamezwa na udongo. Nyeupe ni nzuri ikiwa safi, ila baada ya mashimo matatu inakuwa ya vumbi, ndiyo maana kitambaa chenye maji kisitoke mkononi. Waridi kali ndilo linalojitenga na vyote viwili. Masika, nyasi zikiwa mbichi, rudi kwenye nyeupe au njano. Muda wa kutafuta ni dakika 3 tu tangu sheria mpya za 2019, si 5 kama zamani, kwa hiyo rangi ni mapigo.

Mpira wangu wa yurethani uligonga jiwe la itale, ukachubuka vibaya. Mwenzangu alikataa nisiubadilishe kabla ya kumaliza shimo. Ana haki? — Singida

Ana haki, kama ulichubuka tu. Katikati ya shimo unaruhusiwa kuubadilisha ukiwa umekatika au umepasuka. Mkwaruzo, mchubuko na rangi kubanduka havitoshi. Kabla ya kuuokota kuutazama, weka alama mahali ulipokuwa, na usiufute kabisa kama haupo grini. Ukimaliza shimo, badilisha utakavyo, ila soma masharti ya mashindano kwanza: mengine yanakulazimisha kubaki na aina ileile raundi nzima, mengine yanadai mpira uliomo kwenye orodha ya walioidhinishwa. Penye sharti hilo la orodha, mpira uliopakwa upya au uliopigwa alama ya X kiwandani haukubaliki. Kwa mawe ya huko kwenu, weka mmoja wa ayonoma mkobani kwa mashimo yenye miamba.

Mpira unanipinda kulia kila mara. Upo unaonyoosha? — Kongwa

Upo uliotengenezwa kwa kusudi hilo, vishimo vyake havilingani pande zote, na kwa sababu hiyohiyo hauruhusiwi kwenye mashindano. Wa sehemu mbili wenye mzunguko mdogo utapunguza mpindo kidogo, pengine yadi 20 zikawa 15. Uso wa fimbo yako uko wazi, yaani umegeukia kulia, wakati wa kugonga. Geuza mkono wa kushoto kwenye mpini mpaka uone vifundo viwili au vitatu (kama unatumia kulia), ujaribu tena kabla ya kununua chochote.

Naacha mkoba kwenye buti la gari kazini, jua lote la mchana. Mipira inaharibika? — Area C

Siku moja haiui. Miezi ya Septemba hadi Novemba mfululizo ndani ya buti lililofungwa itauchosha mpira, ganda na kiini vyote. Chumbani, kivulini, mpira mpya hukaa miaka mitano na zaidi bila kupungua. Chukua mitatu ya mchezo mfukoni, iliyobaki ibaki nyumbani. Na usije ukaipasha juani kwa makusudi ili iruke mbali: kubadilisha tabia ya mpira kwa joto ni kosa la kufutiwa matokeo.